Maswali na Majibu: Mji Wenu Una Watu Wangapi, na kwa Mpaka Upi?

Maswali mengi ya safari hii yanahusu idadi ya watu na hadhi ya miji yetu ya Uganda. Nimechukua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Yale ya "naomba idadi ya watu wa Masindi" nimeyaweka pembeni, na nitaendelea kuyaweka pembeni. Kuna wilaya ya Masindi na kuna manispaa ya Masindi. Kuna sensa ya 2002, ya 2014 na ya 2024. Mukono, Kasese, Mityana na Mubende hali ni hiyo hiyo. Taja mwaka, taja eneo, ndipo uulize.

Mji wa pili kwa ukubwa Uganda baada ya Kampala ni upi? (Mbale)

Swali hili huja kila mara, na anayeuliza kwa kawaida ana orodha mkononi inayosema Gulu. Orodha hiyo ni ya zamani. Mwaka 2002 manispaa ya Gulu ilihesabiwa watu 119,430, na wengi walikuwa wamekimbilia mjini kwa sababu ya vita. Hata mwaka huo Gulu haikuwa ya pili. Kira, pale Wakiso, ilikuwa na watu 140,774, ila wakati huo ilikuwa halmashauri ya mji tu, na waliotengeneza orodha walikuwa wakitazama manispaa.

Kwa sensa ya 2014 na mipaka ya manispaa iliyowekwa karibu na wakati huo, Nansana ilikuwa na takriban watu 365,000, Kira 317,000 na Makindye-Ssabagabo 282,000. Mbarara ilifuata kwa 195,000 hivi. Hizo tatu za kwanza zote ziko wilaya ya Wakiso na zimeizunguka Kampala. Usisahau kwamba Nansana hiyo imemeza Gombe na Busukuma, ambako bado watu wanalima migomba na kahawa. Kwa hiyo jibu linategemea kama unauliza juu ya mpaka wa kisheria au juu ya nyumba zilizobanana. Amua kwanza.

Sheria inataka watu wangapi ili mahali pawe mji? (Arua)

Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inasema zaidi ya 25,000 kwa mji, zaidi ya 100,000 kwa manispaa, na zaidi ya 500,000 kwa jiji. Watu peke yao hawatoshi. Mahali panatakiwa pawe na uwezo wa kugharimia huduma, ofisi, mpango wa matumizi ya ardhi na vyanzo vya maji.

Sasa linganisha na yaliyotendeka. Moroto ilikuwa manispaa ikiwa na watu karibu 14,000 katika sensa ya 2014. Makao makuu ya wilaya mpya yamekuwa yakipewa halmashauri ya mji hata pale ambapo ni safu mbili za maduka na kituo cha polisi. Kuanzia Julai 2020 tumepata majiji mapya, na leo ni kumi ukiacha Kampala: Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Fort Portal, Mbale, Masaka, Hoima, Lira na Soroti. Katika sensa ya 2024 hakuna hata moja kati ya hayo kumi lililofikisha watu 500,000. Mengine matano yaliyopitishwa na Bunge kuanza baadaye, yaani Entebbe, Kabale, Moroto, Nakasongola na Wakiso, hayakuanza kwa tarehe zilizopangwa.

Sisemi watu wa Moroto au Soroti hawastahili jiji. Nasema kipimo kikiwepo kwenye sheria na kisifuatwe, mwananchi hana tena kitu cha kumdai kiongozi anayemwahidi hadhi mpya kila uchaguzi. Na sharti linalorukwa mara nyingi kuliko yote ni la mpango wa ardhi. Hilo ndilo linalowaumiza watu baadaye, kama utakavyoona kwenye swali la Hoima hapa chini.

Bodi ya mji ina meya? (Koboko)

Haina. Bodi ya mji si serikali ya mitaa na haina baraza la kuchaguliwa. Ngazi za mabaraza ya mitaa huitwa LC, kuanzia LC1 ya kijiji hadi LC5 ya wilaya. Halmashauri ya mji iko ngazi ya LC3 pamoja na gombolola (eneo lililo chini ya wilaya), manispaa ni LC4, na jiji ni LC5 sawa na wilaya.

Mimi ni mwanafunzi. Nimepata kwamba Mbarara ilikua kwa asilimia 181 kati ya 2002 na 2014. Mwalimu amenikatalia. Nimekosea wapi? (Mbarara)

Hesabu yako ni sahihi na hitimisho lako si sahihi. Mwalimu wako ana haki.

Mwaka 2002 manispaa ya Mbarara ilikuwa na watu 69,363. Mwaka 2014 ikawa na takriban 195,000. Katikati ya sensa hizo mbili magombolola ya Biharwe, Kakiika na Nyakayojo yaliingizwa ndani ya manispaa, yakaungana na Kakoba, Kamukuzi na Nyamitanga. Maelfu ya watu "walihamia" mjini bila kusogeza kitanda. Mukono ni vivyo hivyo: 46,506 mwaka 2002, na karibu 162,000 mwaka 2014, lakini Goma iliongezwa humo. Hoima nayo iliruka kutoka 27,934 hadi takriban 100,000 kwa njia hiyo hiyo.

Fanya hivi. Chukua mpaka wa mwaka wa mwisho, uandike orodha ya parokia zote zilizomo (parokia hapa ni eneo la utawala chini ya gombolola, si la kanisa). Rudi kwenye jedwali la parokia la sensa ya kwanza, uzitafute moja moja, uzijumlishe. Parokia iliyogawanywa, jumlisha vipande vyake. Iliyobadilishwa jina, ulizia ofisi ya takwimu ya wilaya, usikisie. Ukishapata jumla mbili za eneo moja, gawanya ya pili kwa ya kwanza, tafuta logi asilia ya jibu hilo, kisha gawanya kwa miaka iliyopita kati ya sensa hizo, na uzidishe kwa 100 upate asilimia.

Miaka yenyewe pia ihesabu vizuri. Sensa ya 2002 ilikuwa Septemba, ya 2014 ilikuwa Agosti, kwa hiyo ni miaka 11.96. Ya 2024 ilikuwa Mei, kwa hiyo kutoka 2014 ni miaka 9.7 na si 10. Jipime kwa taifa zima, ambalo mpaka wake haukusogea: milioni 24.2 hadi milioni 34.6 inatoa asilimia 3.0 kwa mwaka, na kutoka hapo hadi milioni 45.9 inatoa 2.9. Usipopata hivyo, umekosea mahali. Ukiweka namba za Mbarara kama zilivyo utapata asilimia 8.6 kwa mwaka. Mji wa Uganda ukikuonyesha zaidi ya mara mbili ya kasi ya taifa, kabla hujaandika neno moja kuhusu vijana kukimbilia mjini, nenda kaangalie ramani.

Kosa hili lina upande wake wa pili, nao hausemwi. Manispaa ya Jinja haikufikisha hata asilimia 1 kwa mwaka kati ya 2002 na 2014, na watu wakaandika kwamba Jinja inakufa. Waliokuwa wakijenga walijenga Bugembe na Mafubira, hatua chache nje ya mpaka. Mji ulikuwa unakua, na mstari ulibaki ulipo.

Njeru ni Jinja? (Jinja)

Si Jinja. Ukivuka daraja la Nile umeingia wilaya ya Buikwe, na Njeru ni manispaa yake yenyewe. Anayefanya biashara ya mizigo pande zote mbili ajue kwamba ni ofisi mbili zenye leseni mbili.

Kwa nini vitabu vinapingana kuhusu asilimia ya Waganda wanaoishi mijini? (Tororo)

Kwa sababu neno "mjini" lilibadilishwa maana. Sensa ya 1991 ilihesabu pamoja na senta za biashara zenye watu zaidi ya 1,000 hata kama hazikutangazwa kisheria. Kuanzia 2002 zilihesabiwa zile tu zilizotangazwa: jiji, manispaa, halmashauri za miji na bodi za miji. Kwa hiyo karibu asilimia 11 ya 1991 na karibu 12 ya 2002 hazipimi kitu kimoja, na ukuaji halisi wa kipindi hicho ulikuwa mkubwa kuliko zinavyoonyesha.

Halafu 2014 ikatoka asilimia 21. Sehemu ya mruko huo ni watu kuhama kweli na kuzaliana. Sehemu nyingine ni halmashauri mpya za miji zilizotangazwa kwa wingi, kila moja ikiwa imebeba mashamba ya gombolola lililoizaa. Mwandishi anayeweka namba hizo tatu kwenye mstari mmoja bila maelezo anapotosha watu, hata kama kila namba imenakiliwa sawasawa.

Bidibidi ina watu wengi kuliko manispaa nyingi. Mbona si mji? (Yumbe)

Kwa wingi wa watu ingekuwa. Makazi ya wakimbizi ya Bidibidi yalifunguliwa Agosti 2016 na ndani ya miezi michache yalikuwa na zaidi ya watu 200,000. Lakini yamegawanywa katika zoni tano zilizotawanyika wilayani Yumbe, ardhi yake ni ya kimila na imetolewa na wenyeji ili wakimbizi watumie, na usimamizi uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Kuyatangaza makazi hayo kuwa mji kungegusa haki za wenye ardhi hiyo, na wao ndio wa kuulizwa kwanza. Kinachopaswa kudaiwa sasa hivi, bila kungoja cheo, ni mipango ya barabara, maji na masoko yanayotumiwa na wenyeji na wakimbizi pamoja.

Gombolola letu limefanywa halmashauri ya mji. Ninunue ploti haraka kabla bei haijapanda? (Hoima)

Usifanye haraka. Mama, barua yako inasema dalali amekuonyesha ploti ya futi 50 kwa 100 na karatasi yenye mhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mhuri wa LC1 unathibitisha kwamba mwenyekiti anawajua watu hao. Hauthibitishi umiliki, wala ruhusa ya kujenga.

Cheo kipya hakibadilishi aina ya umiliki. Ardhi ya kimila inabaki ya kimila, mailo (ardhi ya kumilikiwa daima kwa hati) inabaki mailo, na kibanja (haki ya anayekaa juu ya ardhi ya mwingine) kilichoko juu ya mailo hakiuzwi bila ridhaa ya mwenye mailo. Kinachokuja na cheo ni mpango, leseni na kodi ya majengo. Nyumba unayoishi mwenyewe haitozwi kodi hiyo, ya kupangisha na ya biashara hutozwa.

Anza kwa mpangaji wa ardhi wa wilaya au wa mji. Muulize kama kuna mpango uliopitishwa, na akuonyeshe ploti hiyo juu ya ramani. Akikwambia mpango bado, jua kwamba barabara zitachorwa baadaye, na zinaweza kupita sebuleni kwako. Wanaokata shamba kuwa ploti wakaacha kijia cha kupita bodaboda moja wanakuuzia mgogoro. Kisha, kama kuna hati, fanya uchunguzi kwenye ofisi ya ardhi ya kanda wewe mwenyewe au kupitia wakili uliyemchagua wewe, na usikubali wakili wa dalali. Kama hakuna hati, zungumza na majirani wa pande zote nne pamoja na ukoo. Mlete mpima afungue mipaka, yaani aonyeshe ilipo hasa, kabla ya kulipa. Tazama maji pia: mita 30 kila upande wa mto mdogo, 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na 200 kutoka ziwa kubwa kama Victoria au Albert, hapo hapajengwi.

Na wale wanaodhani kijijini mtu hujenga anavyotaka: Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango. Ruhusa ya kamati ya mipango ya ardhi inahitajika hata pale ambapo cheo cha mji hakijafika.

Tulipata jiji, mbona lami imeishia pale pale? (Lira)

Lami nyingi mnayoiona katika miji 14 ya mwanzo, Lira ikiwemo, ilitokana na mradi wa miundombinu ya manispaa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2013, wakati bado ni manispaa. Jiji liliongeza eneo la kuhudumia. Makusanyo hayaongezeki kwa sababu ya tangazo.

Soroti Mashariki na Magharibi, mpaka unapita wapi hasa? (Soroti)

Nenda na jina la parokia yako ofisi ya tume ya uchaguzi, usitegemee maneno ya sokoni. Mgogoro wa parokia zipi ni za upande upi ulifika mahakamani, na Julai 2022 watu wa jimbo la Soroti Mashariki wakarudi kumpigia kura mbunge upya.

Nataka kufungua duka la dawa katika senta inayokua. Nitumie idadi gani ya watu? (Kasese)

Usitumie ya mji mzima. Chukua ya parokia yenyewe na zile zinazopakana nayo, kutoka majedwali ya UBOS, ofisi ya takwimu ya taifa. Kama unachopata ni idadi ya kaya tu, wastani wa taifa mwaka 2014 ulikuwa watu 4.7 kwa kaya, lakini vyumba vya kupanga vya karibu na barabara huwa na wachache zaidi, kwa hiyo usizidishe ovyo. Sensa inahesabu kwa kurejea usiku wa sensa. Senta za mpakani kama Mpondwe, Elegu au Busia zina watu wengi zaidi mchana na siku za soko, na hao hawamo kwenye jedwali hilo. Simama pale siku ya soko na siku ya kawaida, saa zilezile, uhesabu wanaoingia kwenye maduka ya dawa yaliyopo.