Kiota cha nyigu kando ya njia ya watu: tazama kwanza wanakorukia

Mkuu mleta mada, umesema kiota kiko ndani ya ua wako, upande wa pili wanapita watoto wa shule, na jirani anakushauri umwage petroli usiku. Hiyo petroli achana nayo kabisa. Moto ukishika ua hauulizi mpaka wa kiwanja, na hata usipowasha, mafuta yanazama ardhini na kuharibu udongo wako mwenyewe.

Hakikisha pia ni nyigu kweli. Nyuki ana manyoya na mwili mnene. Nyigu anang'aa na kiuno chake ni chembamba mno. Kama ni nyuki, mtafute mfugaji wa nyuki awahamishe.

Mimi kiota kilikuwa kwenye mti ulioegemea ukuta wangu, na njia ya miguu iko hapohapo nyuma. Nilianza kwa kukaa mbali na kutazama. Kiota ni cha kijivu chenye michirizi, kwa sababu wanakwangua mbao kavu, wanazitafuna na mate, kisha wanapaka utepe juu ya utepe. Ukisimama kimya karibu na nguzo isiyopakwa rangi unasikia kabisa wakikwangua. Mlangoni hawakosekani walinzi, vichwa nje.

Nilichotaka kujua ni wakitoka wanaelekea wapi. Wangekuwa wanapanda juu ya paa, ningewaacha, maana wanakula viwavi na nzi wengi. Lakini walikuwa wanakata njia kwenye usawa wa uso wa mtu mzima. Hilo ndilo lililoniamulia, kuliko umbali. Mpita njia wa kawaida hawamsumbui sana. Kinachowachokoza ni mtikisiko: mpira kugonga ukuta, jiwe la mtoto, mashine ya kukata nyasi.

Kabla ya dawa yoyote niliweka vibao pande zote mbili za njia, nikawaambia majirani, na nikatoa taarifa kwa wanaosimamia ile njia. Ardhi ni yako na umeshajua kuna hatari. Mtu akiumia huwezi kusema hukujua. Niliyemhofia zaidi ni mfyeka nyasi, anayekuja na mashine bila habari yoyote.

Kazi yenyewe nilimpa fundi wa kupulizia dawa. Kuumwa ukiwa juu ya ngazi ni kuanguka, na nyigu haachi mwiba kama nyuki, anauma tena na tena. Ukimponda mmoja karibu na kiota, harufu ya sumu yake inawaita wenzake. Fundi alikuja giza likishaingia, wakiwa wamerudi na wametulia, akapuliza dawa ya unga mlangoni ili kila anayepita aibebe hadi ndani. Tundu hakuliziba, na wewe usizibe, hasa kama kiota kiko ndani ya ukuta: watatafuna kutafuta mlango mwingine, na huo unaweza kufunguka chumbani kwako.

Wakimshambulia mtu, aondoke haraka bila kupunga mikono. Palipoumwa paoshwe na kuwekwa kitambaa cha baridi. Lakini midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikwama, pumzi ikibana, au kama ameumwa mdomoni au mara nyingi, ni hospitali papo hapo. Mwenye mzio mkali aliyepewa sindano yake ya adrenalini aitumie mara moja, asingoje kuona itakuwaje, kisha aende hospitali vilevile. Waulize majirani mapema kama kuna mtu mwenye mzio wa hivyo, na umwambie asipite hapo kwa sasa.

Baada ya dawa bado utaona wachache wanarudi, waliokuwa nje usiku. Usiwaguse. Ukiona kutwa nzima ya jua haingii wala hatoki hata mmoja, ndipo ung'oe kiota na kutoa vibao.