Kodi ya pango peke yake haileti mikahawa katikati ya mji

Umeuliza kama wenye majengo Nairobi wakishusha kodi, baa na mikahawa itajaa katikati ya mji. Haitoshi, ingawa kuondoa ile gudwili ya kuingilia, yaani pesa za mkupuo anazotozwa mpangaji ili apewe nafasi, kutasaidia sana. Kinachokwamisha hasa ni jengo. Duka lililokuwa la nguo halina bomba la moshi, na jiko la kukaangia linataka bomba lipande mpaka juu ya paa. Ukilitolea uchochoroni, ofisi za juu zitalalamika ndani ya wiki. Jiko linataka pia umeme wa fezi tatu (ule wa mitambo mikubwa), tangi la maji, na mtego wa mafuta, yaani kisanduku cha kunasa mafuta ya jikoni kabla ya mfereji wa maji taka. Mtego huo husafishwa kabla mafuta hayajafika robo ya kina chake, la sivyo mfereji unaziba na mtaa mzima unanuka. Afadhali mwenye jengo aweke vitu hivi mwenyewe kisha adai kodi yake kamili.

Kwa baa, pima umbali kabla ya kusaini mkataba: sheria ya vileo ya 2010 inataka mita 300 kutoka shule ya walio chini ya miaka 18. Leseni ya kawaida ya baa huruhusu kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, kwa hiyo mchana lazima chakula ndicho kilipe kodi.

Na anzeni na mtaa mmoja wenye taa na matatu za usiku. Sehemu tatu zilizo jirani huvutana wateja. Kumi zilizotawanyika hufa mojamoja.