Kuhamisha programu ya C toka Linux kwenda Windows na Raspberry Pi: #ifdef siyo tatizo lako, tatizo ni funksheni unazoziamini

Mkuu mleta uzi, umesema programu yako ya stoo umeiandika kwa C kwenye Linux, mteja sasa anaitaka kwenye Windows na tawi lake lingine wanatumia Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja yenye chipu ya ARM), na unauliza ujaze #ifdef (mistari ya kumwambia kompaila achague kodi kulingana na mfumo) au uandike upya kwa lugha nyingine. Wengi hapo juu wamekujibu "tumia funksheni za standadi tu utakuwa salama". Hapo ndo napishana nao. Funksheni kuwepo kila mahali ni jambo moja, kufanya kitu kilekile kila mahali ni jambo lingine kabisa. Tena ile ambayo haipo afadhali, maana kompaila itakupigia kelele siku hiyohiyo. Inayoumiza ni ile inayokompaili safi, haina hata onyo, afu ikifika kwa mteja inafanya mambo yake.

Mimi nimekaa miaka kadhaa na programu ya kupokea kahawa ghalani. Inasoma uzito kwenye mizani kwa waya wa serial, inaandika kwenye faili, inatoa risiti. Niliirithi ikiwa ya Linux tupu, tukaipeleka Windows, baadaye kwenye vibodi vya ARM. Kwa hiyo hizi nazosema ni zile zilizotusumbua kweli, siyo za kusoma.

Anza na strtod(). Standadi kabisa, ipo toka C ya 1989. Mizani inatuma "48.75", programu inasoma, Tanzania hakuna shida. Ilipofika Burundi, kompyuta za kule zimewekwa Kifaransa, kila gunia likawa linapoteza desimali: 48.75 inaingia kama 48 na hakuna kosa lolote linaloonekana, mpaka wakulima wenyewe walipoanza kulalamika kwamba risiti haifanani na namba waliyoiona kwenye mizani. Sababu ni kwamba strtod() inaangalia lokeli (mpangilio wa lugha na nchi kwenye kompyuta), na kwa Kifaransa desimali inaandikwa kwa mkato, kwa hiyo ikikuta nukta inasimama na kuhesabu kazi imeisha. Na usiniambie "mimi sijaita setlocale()", ile ya kuweka lokeli, hata ile programu haikuiita popote! Aliyeiita ni GTK, gtk_init() inaita setlocale(LC_ALL, "") kimyakimya, na lokeli ni ya prosesi nzima. Yaani maktaba ya kuchora vitufe inabadilisha jinsi uzito wa gunia unavyosomwa. Data inayotoka kwenye mashine isome kwa kitu kisichojali lokeli: g_ascii_strtod() kama tayari una GLib (maktaba ya msingi ya GTK), std::from_chars kama uko C++17, au kama sisi, tukaandika kisomaji chetu kidogo cha tarakimu na uzito tunautunza kwa gramu ndani ya int64_t, namba nzima ya biti 64. Mkato ubaki kwenye skrini na risiti, huko ndiko wanakosoma binadamu.

Halafu long, ile aina ya namba nzima. Kwenye Linux ya biti 64 ni biti 64, kwenye Windows ya biti 64 bado ni biti 32. Sasa fseek() na ftell() (za kuruka na kujua ulipo ndani ya faili) zinatumia long, kwa hiyo faili lako la kumbukumbu likivuka GB 2 kule Windows ndo utajua. Tumia aina za stdint.h zenye ukubwa maalumu na usiandike long popote panapogusa faili au pesa. Upande wa Raspberry Pi angalia char: kwenye Linux ya x86 (chipu za Intel na AMD) inabeba namba hasi, kwenye Linux ya ARM haibebi. Ukiwa umeandika char c = getchar() afu unasubiri c iwe EOF (alama ya mwisho wa data, yaani -1), kwenye Pi lupu haiishi milele, maana c haiwezi kuwa -1. Weka int, imekwisha hiyo.

rename() nayo. Kwenye Linux umezoea kuandika faili la muda afu unali-rename juu ya la zamani, na linabadilishwa kwa mkupuo mmoja, ama la zamani ama jipya. Windows rename() ya C ikikuta jina lipo inakataa. Wengi dawa yao ni kuita remove() kwanza kisha rename(), na umeme ukikatika katikati ya hizo mbili (na utakatika) faili lenye jina halisi halipo. Kule inatakiwa MoveFileEx na MOVEFILE_REPLACE_EXISTING, na bado ujiandae kukataliwa kama antivirus imelishikilia lile faili sekunde hiyo, kwa hiyo subiri kidogo ujaribu tena. Ila usihamishie akili ya "jaribu tena" kwenye fsync(), ile ya kulazimisha data iandikwe diskini. Watu wa database ya PostgreSQL waliligundua hilo mwaka 2018: kwenye Linux fsync() ikishindwa inakwambia mara moja tu, kisha keneli (kiini cha Linux) inahesabu zile kurasa za data kwenye kumbukumbu ni safi, ukiita tena inajibu sawa wakati data haijafika kwenye diski. Wakaishia kuizima database makusudi ikitokea, ianze upya kutoka kwenye logi. Na kwenye Mac fsync() haisukumi data mpaka ndani kabisa ya diski, kuna F_FULLFSYNC kwa kazi hiyo.

system(), ile ya kuendesha amri kupitia shelli, mimi nimeipiga marufuku kwenye timu. Unaunda stringi ya "cp '%s' '%s'" na inafanya kazi vizuri mpaka mkulima anayeitwa Ng'wandu aje na faili lake, ile apostrofi inafunga nukuu na shelli inasoma vitu vya ajabu. Ukienda Windows ndo kabisa, cmd (shelli ya kule) haitambui nukuu moja. Hata ukikwepa shelli, CreateProcess (ya kuanzisha programu kwenye Windows) inapokea mstari mmoja mzima na kila programu inajikatia hoja zake inavyojua yenyewe, wakati Unix unapeleka orodha iliyokwisha kukatwa. Kopi faili kwa kodi yako, usiite programu nyingine kama hulazimiki.

Na kama stoo yako ina mizani au skana ya serial: Windows ukifungua "COM3" inafunguka, "COM10" haifunguki mpaka uandike \\.\COM10. Na vile viadapta vya USB kila ukibadilisha tundu namba inapanda, kwa hiyo COM10 utafika tu. Andika ile yenye kiambishi siku zote, inakubali hata kwa COM1.

Majina ya faili ni kero nyingine ambayo sisi tunachelewa kuiona kwa sababu Kiswahili hakina herufi zenye vinyago juu. fopen() ya Windows inasoma jina kwa kodi peji ya mashine (jedwali la herufi za eneo lake), siyo UTF-8 (mfumo wa herufi za lugha zote), kwa hiyo ukiipa jina la UTF-8, folda la mtu anayeitwa Désiré kule Lubumbashi, au folda la Kiarabu kule Muscat, halifunguki. Kuanzia Windows 10 toleo 1903 unaweza kutangaza UTF-8 kwenye manifesti ya programu (maelezo yake kwa Windows). La sivyo ni _wfopen.

Sasa swali lenyewe la #ifdef. Usizisambaze. Fungua plat.h moja, nyuma yake plat_posix.c na plat_win.c, meki faili (maelekezo ya kujenga programu) ichague. Lakini hapa ndo watu wanapokosea: wanatengeneza my_rename(), my_fsync(), my_open(), yaani wanazinakili API mbovu moja baada ya nyingine na kuzipa jina jipya. Tabaka la hivyo halikusaidii kitu. Andika funksheni kwa lugha ya kazi yako, mfano hifadhi_salama(jina, data, ukubwa), ambayo ahadi yake ni "ikirudi sawa, data ipo diskini na faili la zamani halikuharibika njiani". Ndani kila mfumo ufanye uchafu wake. Ya kwetu ilibaki na funksheni chache tu na programu nzima haijui kama kuna Windows duniani.

Ukitaka kuona imefanywa vizuri fungua kodi ya SQLite (maktaba ya database inayokaa kwenye faili moja), os_unix.c na os_win.c. Soma komenti zao kuhusu loki za fcntl() za POSIX (kufuli za faili kwenye standadi ya mifumo ya Unix): prosesi ikifungua faili lilelile mara mbili, ukiita close() kwenye moja tu, loki zote za prosesi hiyo kwenye lile faili zinaachia, hata zilizowekwa kupitia ile nyingine. Ni kama mpangaji mmoja akitoka asubuhi komeo za vyumba vyote zifunguke. Hiyo imo kwenye standadi, siyo bagi. Wao ikabidi watunze orodha ya mafaili yaliyofunguliwa na kuchelewesha close() mpaka loki ziishe, na wewe unayeita SQLite huoni hata dalili. Ila kuna mtego: programu yako ikifungua lile faili la database yenyewe kwa fopen() ili kulikopi kama bakapu, ukilifunga umeziua loki za SQLite ndani ya prosesi hiyohiyo. Tumia sqlite3_backup_init() na wenzake. Na kwa stoo mimi ningekushauri data zote ziingie SQLite, nusu ya haya niliyoandika yanakuwa matatizo yao.

Kuandika upya kwa lugha nyingine sikushauri kwa sababu hii peke yake, maana Python nayo os.rename() inagoma Windows jina likiwepo, ndo maana wakaleta os.replace().

Kabla ya kumpelekea mteja endesha kila kitu kwenye lokeli ya Kifaransa, ndani ya folda lenye nafasi na apostrofi kwenye jina, na kompaili mara moja kwenye Alpine Linux maana kule maktaba ya C siyo glibc ya Linux nyingi. La printa ya risiti sijaligusa, taja modeli na kama ni ya USB au mtandao, nitakujibu.