Kumlipia kodi kwa Zaka mpangaji anayekaribia kutolewa nyumbani

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullah. Sheikh, jirani yangu ni mjane mwenye watoto watatu. Anadaiwa kodi ya nyumba ya miezi minne, na mwenye nyumba amempa notisi ya siku 30. Juzi nilimkuta ameanza kufunga vyombo kwenye maboksi, naye aliponiona akarudishia mlango kwa haya. Mwaka wangu wa Zaka unatimia miezi miwili ijayo. Je, naweza kuitoa sasa na kumlipa mwenye nyumba kimya kimya, bila jirani kujua? Ndugu mmoja ameniambia kuwa mjane huyu hastahiki, kwa sababu bado anakaa ndani ya nyumba na ana kitanda na jokofu.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake.

Nianze na kauli ya huyo ndugu, kwa kuwa wengi huteleza hapo. Katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba Allah Mtukufu ametaja mafungu manane ya wanaopewa Zaka, ya kwanza yakiwa ni mafakiri na masikini, na ndani yake wamo pia wenye madeni. Fakiri wa kisharia si lazima awe mtu asiye na kitu kabisa. Wanavyuoni wa Kishafii, yaani wanaofuata madhehebu ya Imam Shafi, wamesema wazi kwamba hata nyumba anayoimiliki mtu na kuishi humo, pamoja na nguo zake, haimtoi katika ufakiri ikiwa hana cha kumtosha. Basi vipi atolewe katika ufakiri kwa ajili ya kitanda mjane ambaye hata hicho chumba si chake? Kusubiri mpaka vyombo vyake viwekwe barabarani ndipo aonekane mhitaji ni sharti ambalo aya haikuliweka.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba mtu mmoja zama za Mtume (s.a.w.) alipata hasara katika matunda aliyoyanunua, deni likamzidi. Mtume akasema: "Mpeni sadaka." Watu wakampa, lakini haikufikia deni lake, akawaambia waliokuwa wakimdai: "Chukueni mnachokipata, na hamna zaidi ya hicho." Malimbikizo ya kodi ni deni kama madeni mengine, hivyo jirani yako anastahiki kwa njia mbili, ya ufakiri na ya deni.

Ama kumlipa mwenye nyumba bila jirani kujua, hapo nakushauri usifanye hivyo. Imam Nawawi ameeleza kuwa Zaka ya mwenye deni ikikabidhiwa kwa mdai bila ya idhini ya mdaiwa, deni linaondoka, lakini mtoaji Zaka yake haijamtoka. Utakuwa umefanya wema mkubwa, na Zaka ingali shingoni mwako. Mwombe idhini, au mpe fedha mkononi akalipe mwenyewe na kuchukua risiti yake. Si lazima umwambie kuwa ni Zaka, inatosha umwambie, "Dada, niruhusu nikusaidie katika kodi hii." Haya uliyoiona mlangoni ni ile ya watu waliotajwa katika Suratul-Baqara, aya ya 273, ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa vile wanavyojizuia kuomba.

Kuitoa kabla ya mwaka kutimia kunajuzu kwa wanavyuoni walio wengi, maadamu mali yako imekwisha kufikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha Zaka, ingawa Imam Malik amekataza. Kwa Mashafii kuna sharti kwamba mwaka utakapotimia wewe uwe bado unawajibika na mpokeaji awe bado anastahiki. Akiwa amejitosheleza kwa Zaka hiyo hiyo uliyompa, haidhuru.

Usiishie kwenye miezi minne iliyopita ikiwa uwezo unao, kwani mwezi wa tano atarudi pale pale. Fungu la wenye madeni hulipa deni lililopo, lakini kwa fungu la mafakiri unaweza kumpa pia kodi ya miezi ijayo, na wapo wanavyuoni wanaoruhusu apewe cha kumtosha mwaka mzima.

Kuhusu mwenye nyumba, hukuuliza, lakini huenda akakuuliza yeye: akisema, "Nimemsamehe, nahesabu kuwa ni Zaka yangu," kauli sahihi kwa Mashafii ni kwamba haimtoshi. Akimpa mjane Zaka mkononi bila kumshurutisha airudishe, kisha mjane kwa hiari yake akamlipa deni, inamtosha. Na kumpa muda, au kumsamehe bila kuhesabu Zaka, ndiko kulikotajwa katika aya ya 280 ya Suratul-Baqara, kwa hiyo mwendee umwombe aongeze siku kabla ya zile 30 kwisha.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.