Michikichi, banda la kukamulia na stoo za kupangisha: vianze kwa mpangilio gani Kigoma

Anayetaka kuwekeza Kigoma huambiwa anunue viwanja au apande michikichi. Kiwanja kikikaa tupu hakiingizi kitu, na mchikichi mchanga utakula palizi miaka mitatu hivi kabla hujakata mkungu. Sisi tunashauri kuviunganisha: shamba kijijini, banda la kukamulia mawese kando ya barabara, na stoo za kupangisha ubavuni mwake. Banda na miche vianze msimu mmoja, kwa sababu chikichi za majirani zipo tayari na ndizo zitakazolipa palizi ya shamba lako.

Kwenye ardhi, usiridhike na karatasi ya mauziano yenye saini ya mwenyekiti wa kitongoji. Fuatilia hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mipaka ipimwe majirani wakiwepo, na jina la mwenzi wako liandikwe. Eneo la banda liwe na maji, lakini lisiwe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu humo. Wengi huvutwa na urahisi wa maji, wakajenga mtoni, kisha maji machafu ya mawese yakaingia humohumo. Chimba mashimo mawili au matatu yanayopokezana, uyaweke mbali na kisima.

Mbegu ndiyo pa kuwa mkali. Panda tenera, chotara ya dura (mchikichi wa ganda nene) na pisifera (usio na ganda): ganda lake ni jembamba, nyama nene, mafuta mengi. Miche ichukuliwe TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo Kigoma, au kwenye kitalu kinachoweza kuonyesha mbegu yake ilikotoka. Usiokote mche uliojiotea chini ya tenera. Tenera ikichavushwa na tenera, takribani robo ya uzao hurudi dura, na robo nyingine ni pisifera, ambayo kwa kawaida haizai vizuri. Kosa hilo utaligundua mwaka wa nne, shamba lote likiwa limeshasimama.

Nafasi ni mita 9 kwa pembetatu, yaani miche 57 hivi kwa ekari. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, mche uende shambani mvua zinaposhika vizuri mwanzoni mwa msimu, ukizungushiwa wavu wa waya shinani maana panya hutafuna kitovu chake. Katikati panda maharage au karanga. Mihogo ikisogea sana hunyang'anya rutuba. Iache mita 2 kutoka shinani.

Bandani, mkungu usilazwe siku nne au tano ili chikichi zidondoke zenyewe. Mazoea hayo yanaokoa nguvu za kupukuchua lakini yanapandisha asidi, na mawese hayo hununuliwa kwa bei ya chini. Zichemshwe ndani ya siku moja au mbili tangu kukatwa, zitwangwe zingali moto, ndipo zikamuliwe. Baada ya kukamua, mawese yachemshwe tena kuondoa maji. Dondosha tone kwenye kikaango cha moto: likilia na kuruka, bado. Yakiingia pipani hivyo yatachacha. Kuni zipunguzwe kwa kuchoma nyuzi na maganda ya mise (kokwa za chikichi) kwenye jiko lenye bomba la moshi. Mikungu mitupu irudi shambani kama matandazo.

Kabla ya mteja wa kwanza, andikeni mise ni za nani. Hapa ndipo ugomvi huanzia, kwa sababu mise nazo zina soko lake, na mwenye chikichi aliyelipa ukamuaji kwa fedha taslimu hudhani mise ni zake, kisha hukuta mwenye banda ameshazipakia kwenye magunia.

Stoo ndiyo sehemu tulivu ya mradi. Msimu wa chikichi nyingi bei ya mawese huanguka, na mkamuaji asiye na pa kuhifadhi huuza siku hiyohiyo. Jenga vyumba vidogo vyenye chaga za mbao, paa lisilovuja na matundu ya hewa, utoze kwa pipa kwa mwezi. Daftari la stoo na la banda yatengwe. Fedha zikichanganywa, hutajua kama mashine inajilipa au inabebwa na kodi, na siku itakapoharibika hutakuwa na akiba ya vipuri.