Jibu: Sanaa ya muda Mnazi Mmoja

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: unataka kutundika khanga zenye maneno ya wakazi kwenye miti ya viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kwa wiki 2, na unahofia kibali na watu kupita bila kushiriki.

Andika barua mapema kwa wasimamizi wa eneo kupitia Halmashauri ya Jiji, uambatishe mchoro na tarehe za kufunga na kuondoa. Yangu ya kwanza ilirudishwa kwa sababu sikutaja nani angefungua kamba.

Kuhusu watu, usilete kazi iliyokwisha kamilika. Kaa alasiri karibu na muuza kahawa, umpe kalamu yeye kwanza, kwa kuwa wateja wake watasoma alichoandika, watambishia, kisha wataomba kalamu wenyewe. Kwenye kazi yangu kama hiyo, mzee mmoja alifuta neno lake mara tatu, na kesho yake ndiye aliyewafukuza watoto waliovuta kitambaa.

Tumia kamba ya katani, si misumari, na uepuke Machi hadi Mei, maana khanga iliyolowa masika ni nzito kuliko unavyodhani. Ukitaka kusimamisha nguzo juu ya vichwa vya watu, mwite mhandisi aikague kabla ya kufungua maonyesho.