Injini, giaboksi na boneti kutoka Dar mpaka Lubumbashi: namna ya kufunga ili usilipe mara mbili

Jambo sana ndugu. Umeuliza ufanyeje ili injini ya dizeli ya silinda 6, giaboksi yake ya otomatiki, boneti na milango 2 vitoke Ilala, Dar es Salaam, vifike Lubumbashi bila kukodi lori zima. Njia ni grupaji, mzigo wako upande lori moja na ya wengine. Lakini gharama ya kweli inaamuliwa siku ya kufunga, kabla hata hujaongea bei.

Hesabu kwanza mzigo utanyanyuliwa mara ngapi: dukani, depo ya Dar, pengine kuhamishiwa lori jingine Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, depo ya Lubumbashi, kisha garaji kwako. Safari ya Tunduma, Mpika, Kapiri Mposhi na Chingola ni ndefu, ila injini iliyofungwa sawasawa haivunjiki ikiwa inatembea. Inavunjika inapoteremshwa. Kwa hiyo funga kwa ajili ya vijana wa depo wenye haraka, wasio na fokolifti. Ndiyo maana sikushauri treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa paleti moja au mbili: inakufikisha Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, halafu mzigo uteremshwe na kupakiwa upya.

Tenganisha injini na giaboksi. Zikiwa zimeungana urefu unapita paleti ya sentimita 120 kwa 100, na sehemu inayotokeza ndiyo inayogongwa. Mwaga oili yote, maji ya rejeta na dizeli iliyobaki kwenye pampu na fileta. Oili ikivuja juu ya magunia ya mwenzako, utalipa wewe. Kisha ziba matundu yote: ya manifoldi, ya tabo (turbo), ya mabomba ya dizeli. Tumia vifuniko vya plastiki, au plaiwudi iliyofungwa kwa boliti zilezile za manifoldi. Usisokomeze matambara. Tambara husahaulika ndani, na injini ikiwashwa linavutwa hadi kwenye valvu.

Injini isikalie sampu, yaani bakuli la oili la chini, hata kidogo. Sampu ikibonyea inasogea hadi mdomo wa bomba linalonyonya oili, na kwa nje huoni zaidi ya kibonyeo kidogo. Injini itawaka, presha ya oili itakuwa ndogo, na beringi za krenki zitakwisha. Wengi wanaikalisha juu ya tairi kuukuu. Tairi linafaa ndani ya pikapu, mjini. Kwa safari hii linanesa, mikanda inalegea, na kufika Mbeya injini imeshainama. Tengeneza fremu ya mbao za sentimita 10 kwa 10, injini ining'inie kwenye maunti zake za pembeni, vishikio vinavyoiunga na gari, kwa vyuma vya pembe, na nyuma ishikwe kwenye matundu ya boliti za giaboksi. Boliti za milimita 12 zipite paleti mpaka chini, na washa pana. Misumari inang'oka kwa mtikisiko. Halafu mikanda 4 ya kukazia ivute kwenda kwenye pembe 4, isipite juu ya mabomba ya nozeli wala kifuniko cha valvu.

Acha masikio ya kunyanyulia yaonekane juu. Ukiyafunika kwa mbao, watafunga kamba kwenye oltaneta, na mkono wake utakatika.

Giaboksi ya otomatiki ina mtego wake. Konvata, duara la oili linalounganisha injini na giaboksi, haishikwi na boliti upande wa giaboksi, imeingia tu kwenye pampu ya oili. Ikiinamishwa mbele, inateleza sentimita 1 au 2 na kutoka kwenye meno ya pampu. Fundi akiifunga bila kujua, anapokaza boliti za kengele, nyumba ya mbele ya giaboksi inayokutana na injini, anaivunja pampu. Funga kipande cha chuma bapa kikatize uso wa kengele, boliti 2 kila upande, kiibane konvata. Kabla ya hapo weka rula bapa juu ya uso wa kengele, pima kina mpaka kwenye vituo vya boliti za konvata, andika namba hiyo kwa kalamu ya rangi kwenye kengele yenyewe. Ikifika pima tena. Kina kikiwa kimepungua, konvata imetoka. Irudishe kwa kuizungusha huku ukiisukuma mpaka ikae.

Usizungushie nailoni mpaka chini. Dar kuna joto na unyevu wa pwani, Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai ni baridi kweli. Unyevu uliofungiwa unageuka matone, na kuta za silinda zinashika kutu. Mwagia kila silinda oili kidogo, zungusha krenki mara 2, funika juu na pembeni tu, chini pabaki wazi.

Boneti na milango ni vyepesi, lakini vinakula nafasi. Boneti ya sentimita 150 kwa 130, ikifungwa kwa unene wa 15, ni karibu mita za ujazo 0.29. Ukiipeleka kwa ndege wanagawanya sentimita za ujazo kwa 6,000, kwa hiyo boneti ya kilo 18 inalipiwa kama kilo 49. Hata kwenye lori uliza: bei ni ya tani au ya mita ya ujazo, na ipi inachukuliwa ikizidi? Simamisha boneti kati ya milango 2, spongi katikati, vioo vimeshushwa ndani ya milango, yote ndani ya fremu moja ya plaiwudi. Usilaze. Kilicholala hupangiwa magunia juu.

Vitu vidogo vya thamani, kama kompyuta ya gari, sensa na waya, visikae kwenye paleti. Peleka peke yake. Eabegi na betri acha kabisa, ni mizigo ya hatari.

Karatasi: fakitia (ankara) itaje kila kipande, namba ya injini, kilo, na kwamba vimetumika. Kilo za fakitia ziwe sawa na za orodha ya mizigo. Kwenye grupaji karatasi mbovu ya mtu mmoja inasimamisha lori zima Kasumbalesa, kwa hiyo muulize msafirishaji FERI, fomu ya taarifa za mzigo unaoingia Kongo, ya OGEFREM, ofisi ya Kongo inayosimamia mizigo, inatolewa na nani, kabla lori halijaondoka. Akikupa bei ya "kila kitu ndani", dai nakala ya malipo ya DGDA, forodha ya Kongo. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16% inahesabiwa juu ya thamani pamoja na usafiri na ushuru, kwa hiyo nafasi uliyoipoteza kwa kufunga vibaya unailipia tena forodhani. Deklaran (wakala wa forodha) mzuri atakuonyesha hesabu hiyo mstari kwa mstari.

Andika pande zote 4: jina, simu, LUBUMBASHI, kilo, mshale na neno HAUT, yaani "juu" kwa Kifaransa.

Ikifika, fungua mbele ya mtu wa depo kabla ya kusaini, piga picha sampu kutoka chini, pima kina cha konvata. Garaji, toa nozeli, tia oili, zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili. Ikizunguka bila kukwama, ndipo ufunge stata.